Picha za Mkonge na Majina ya Watu

Picha ina kazi mbili: kupendeza macho na kushuhudia. Twataka kuzipima picha za mashamba ya mkonge ya mkoa wetu wa Tanga kwa kazi hiyo ya pili, maana ndiyo iliyosahauliwa. Hapa Maramba na kwa jirani zetu, mpaka Muheza na Korogwe, mahali pengi palipokuwa kambi za wakata mkonge pamekuwa vijiji, na wazee wanaojua habari za kale wanapungua kila mwaka.

Kwanza tukumbuke jinsi kazi hiyo ilivyokuwa. Mkonge si mmea wa nchi hii. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mdachi, aliagiza miche kutoka Florida; iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo mashamba yalienea. Majani yalikatwa, yakafungwa matita, yakachukuliwa kwa vigari vya reli mpaka kiwandani, na huko mashine ya korona iliyasaga na kuyaosha. Katika ratili mia za majani, singa ni kama ratili nne tu. Yote mengine ni maji na makapi. Kwa hiyo kazi hii yataka maji mengi, na viwanda vingi vilijengwa kando ya mito. Singa zilianikwa juani juu ya nyaya, zikapigwa brashi, zikashindiliwa kuwa marobota. Karibu na kiwanda palikuwa na kambi, na ndani ya kambi watu wa makabila mengi: Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, na wengine waliotoka Burundi na Msumbiji. Wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba.

Sasa tuzitazame picha. Kabla ya Vita ya 1914 na wakati wa vita, Mdachi Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika nchi hii, nazo zimewekwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Hatukatai ustadi wake. Alijua kungoja nuru, na alijua mahali pa kusimama. Lakini kwa kawaida maneno yaliyowekwa chini ya picha za namna hii hutaja nchi, mahali na kazi, basi. Mzungu mwenye cheo hutajwa. Mbeba mzigo hatajwi. Picha za mkonge zilizokuja baadaye nazo ni vivyo hivyo. Twaona mistari ya singa nyeupe ikienda mbali mpaka machoni imekuwa kitu kimoja na mbingu, na katikati mtu mmoja ameinama. Ni picha nzuri kweli. Lakini huyo aliyeinama ni nani? Alikuwa na mama aliyempa jina. Shamba lilimpa namba, na picha imemfanya namba mara ya pili.

Watu wengine husema kwamba sanaa ya picha haina haja ya majina. Wako Wadachi wawili, Bernd Becher na mkewe Hilla, walioanza mwaka 1959 kupiga picha za minara ya migodi, matangi ya maji na nyumba za wafanyakazi, wakati viwanda vya kwao vilipokuwa vikifungwa. Hawakutia watu katika picha zao. Walitaka umbo la jengo tu, chini ya mbingu ya mawingu. Kwao jambo hili lina maana, kwa sababu majina ya wafanyakazi wao yameandikwa katika vitabu vya makanisa, vya vyama na vya serikali. Kwetu kumbukumbu za namna hiyo ni chache. Tukimwondoa mtu katika picha, huenda tumemwondoa popote.

Twapendelea mfano mwingine. Tangu mwaka 1908 Lewis Hine, Mmarekani aliyekuwa mwalimu, alizunguka katika vinu vya pamba vya Carolina akipiga picha za watoto waliofanya kazi humo. Aliandika jina la mtoto, umri wake, na pengine kimo chake. Kwa habari ya Sadie Pfeifer wa mji wa Lancaster aliandika kwamba kimo chake ni inchi 48. Picha ile ingekuwa nzuri hata bila maneno hayo, lakini kwa maneno hayo ikawa shahidi ambaye wenye vinu hawakuweza kumnyamazisha kwa urahisi. Picha hizo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoamsha watu, hata mwaka 1938 sheria ya nchi nzima ikazuia kazi ya watoto viwandani.

Tena liko kosa jipya, nalo ni kupenda magofu. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 nchi yetu ilitoa mkonge zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka; mwaka 1967 mashamba mengi yakachukuliwa na serikali; na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno hayakufika tani 30,000. Mkonge haukufa, wala korona zote hazikunyamaza, lakini viwanda vingi vilifungwa. Leo wapiga picha huja kutafuta gurudumu lenye kutu na mti uliomea ukutani, kisha hurudi na huzuni nyingi. Huzuni hiyo ni ya nani? Mjukuu wa manamba aliyepata kiwanja na kuezeka nyumba ya bati hauoni ukuta ule kama yule mgeni. Kwake ni mahali ambapo babu yake alichomwa miiba kwa ujira mdogo. Aliyegeuza kamera kuelekea gofu, akaiacha nyumba iliyo nyuma yake, amepiga nusu ya habari.

Lakini tusipige nyumba mpya peke yake tukasema mambo yote ni mema. Wako wanaokaa bado katika mabanda ya kambi, hawana hati ya udongo wanaoulima. Picha yenye jina, mahali na mwaka si hati ya ardhi. Lakini siku watu watakapouliza ni nani aliyekaa hapa na tangu lini, yaweza kusaidia kuujibu ulizo huo.

Wasomaji wetu waijua sura ya 3 ya kitabu cha Nehemia, ambayo wengi huiruka kwa sababu ni majina matupu. Wamo humo wafua dhahabu, watengeneza manukato, na binti za Shalumu, kila mmoja na sehemu yake ya ukuta, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Wakuu wa Watekoa, walioikataa kazi, hawakutajwa majina. Basi Maandiko yawaheshimu wenye kufanya kazi kwa kuwataja.

Kwa hiyo twawasihi walimu na vijana wenye simu za kupigia picha. Mwendee mzee wa kambi, umwombe ruhusa kwanza. Mpige mbele ya nyumba yake, pamoja na kipande chake cha kazi ikiwa amekitunza. Muulize jina lake, kwao ni wapi, alifanya kazi gani, na mwaka gani alifika. Kisha picha isikae ndani ya simu tu, maana simu huharibika. Ichapishwe, na nyuma yake yaandikwe majina kwa penseli. Na zile picha za zamani zilizotundikwa ukutani zishushwe siku moja, wazee wakiwa wangali hai, ziandikwe vivyo hivyo.