Upungufu na Hesabu Yake: Nahau za Kiingereza Kuhusu Adhaniwaye Kukosa Akili

Katika mijadala ya tafsiri, nahau za matusi hupewa nafasi finyu, kana kwamba tusi ni tusi tu na kila lugha inalo lake. Dai hilo halisimami tunapozikabili nahau za kimazungumzo ambazo Waingereza na Wamarekani hutumia kumsema mtu wanayemdhania kuwa mjinga. Husemwa kwamba sandwichi zake zimepungua mbili tatu kutimiza mandari. Kwamba yeye si kisu kikali kuliko vyote katika droo. Kwamba taa zinawaka lakini nyumbani hamna mtu.

Tuitazame nahau ya kisu. Neno ‘mjinga’ halitajwi. Msemaji anakana sifa ya juu kabisa, basi. Kwa mantiki kavu, hata kisu cha pili kwa ukali si kikali kuliko vyote. Msikilizaji ndiye anayelazimika kulikamilisha tusi, na aliyelianzisha hubaki ametakata. Wapo wanaoiita mbinu hii tasfida. Sikubaliani nao: tasfida humsitiri anayesemwa, ilhali hapa anayesitiriwa ni msemaji.

Nahau ya sandwichi, kwa upande wake, ni kiunzi kinachozaa. Pahali pa sandwichi hutiwa tofali lililopungua katika shehena, au karata zilizopungua katika jozi, na yeyote aweza kuongeza yake. Hivyo tusi huwa pia maonyesho ya werevu wa anayelitoa. (Anayeirudia ile ya sandwichi, iliyokwisha kuchakaa, hujionyesha kwa werevu wa kuazima.)

Kiswahili hakikosi taswira ya upungufu. ‘Punguani’ linatokana na kupungua, na ‘hamnazo’ ni sentensi nzima iliyogeuka jina: humo ndani, akili hazimo. Tofauti ni kwamba Kiswahili hutaja kilichopungua waziwazi, nacho Kiingereza hukificha ndani ya kikapu cha chakula. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliwahi kutafsiri neno kwa neno, akapata mhusika aliyepungukiwa na sandwichi. Darasa zima lilidhani mhusika ana njaa.

Hata hivyo, mzaha huu una jirani asiyechekesha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1913 kuhusu upungufu wa akili iliwagawa watu katika makundi kwa majina ambayo leo ni matusi mitaani, na chini yake watu wengi walitengwa katika taasisi hadi sheria ya 1959 ilipoiondoa. Huko Marekani, mwanasaikolojia Henry Goddard alibuni neno ‘moron’ mnamo 1910, akiwalenga watu wazima ambao kipimo kiliwapa umri wa akili wa miaka 8 hadi 12. Sidai kwamba nahau zetu zilizaliwa na sheria au kipimo hicho. Ninachodai ni kwamba ile ya sandwichi na jamaa zake husimama juu ya dhana ileile: akili ni kitu cha kuhesabika, ipo idadi timilifu, na yupo mwenye haki ya kumhesabia mwenzake.

Mfasiri akiandika ‘mjinga’ tu, hesabu hiyo hutoweka, na pamoja nayo kiburi cha mhusika anayehesabu. Kwa nahau ya taa, ‘hamnazo’ linatosha, kwa kuwa nalo linachungulia ndani na kukuta patupu. Ile ya sandwichi bado imenishinda.