Fundi wa Kupunguza

Gari jeusi ndilo mtihani wa fundi wa polishi. Jeupe husamehe, la fedha huficha, lakini jeusi likisimama juani saa nne asubuhi hutaja kila tambara lililowahi kulipitia: mistari myembamba, maelfu kwa maelfu, ikilizunguka jua popote linapoonekana kwenye boneti. Wenye magari wengi wa Dar es Salaam wakiiona husema rangi imechoka. Rangi haina neno. Nyeusi iko chini, nzima, na kilichokwaruzika ni klia, ile vanishi angavu iliyopigwa juu yake.

Klia ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hiyo. Sasa, mkwaruzo hauzibwi. Kuufuta maana yake ni kuishusha klia yote inayouzunguka mpaka ilingane na kina chake. Fundi wa polishi basi anang'arisha kwa kula akiba isiyorudi, na ikiliwa mno, jua la pwani hulimaliza lililobaki: klia hufanya ukungu, kisha hubanduka magamba juu ya paa, na hapo kazi ni ya fundi rangi. Ndiyo maana mimi humpima fundi kwa kile anachokiacha.

Mwangalie kabla hajawasha mashine, maana asubuhi nzima inaweza kuisha bado haijawashwa. Kwanza maji mengi bila kugusa, ili mchanga uondoke wenyewe. Halafu povu, halafu ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glavu ya kuoshea, kutoka paa kushuka chini, kwa sababu uchafu mkali uko chini. Sabuni ya unga ya kufulia haimo. Gari likishakuwa safi kwa macho, anavaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, wa aina ya kufungia mkate, na kuupitisha taratibu juu ya bodi. Mfuko unaongeza hisia za vidole, na chembe za chuma zitokazo kwenye breki, zilizojichimbia kwenye klia, zinasikika kama msasa. Anazipulizia dawa inayogeuka zambarau ikikutana na chuma, kisha anazing'oa zilizobaki kwa udongo maalumu wa kusafishia, akiulowesha kila mara na kuukunja upya upande ukichafuka.

Kisha inakuja mashine ndogo ya kupimia unene, nami naipenda kwa ukorofi wake. Rangi ya kiwandani, tabaka zote kwa pamoja, mara nyingi husoma kati ya mikroni 100 na 150, na magari ya Japan wakati mwingine chini ya hapo. Mlango ukisoma 300, umepigwa rangi upya. Ukisoma zaidi ya 1,000, chini kuna puti, na ile hadithi ya dalali kwamba gari halijawahi kuguswa inaishia hapo. Fundi hana haja na umbea huo. Anatafuta sehemu nyembamba. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi rangi huwa haba, hivyo anazifunika kwa tepu ya karatasi pamoja na mipira ya vioo. Kwenye bampa la plastiki kipimo cha kawaida hakisomi kitu, na plastiki haitawanyi joto upesi jinsi bati linavyofanya, kwa hiyo pale anakwenda kwa mkono mwepesi.

Anaanza na kipande kimoja cha boneti, kama nusu mita kila upande. Sponji laini, dawa nyepesi, mashine inayozunguka huku ikiyumba ili joto lisirundikane mahali pamoja. Anapita wima, anapita mlalo, anafuta, anamulika kwa taa. Isipotosha ndipo anapanda daraja: sponji ngumu kidogo, dawa kali kidogo. Asiyejua huanza na kali kabisa, na gari zima hulipia haraka yake. Majibu yakipatikana, kipande hicho kinakuwa kanuni ya siku, na kinachobaki ni saa nyingi za kurudia mwendo uleule bila kuharakisha hata mmoja.

Kuna ujanja ambao fundi mwaminifu anaukataa. Dawa nyingi zina mafuta yanayojaza mistari. Gari hung'aa siku ya kuchukuliwa, na baada ya kuoshwa mara mbili tatu mistari inarudi. Yeye hufuta kila kipande kwa spiriti iliyochanganywa na maji kabla ya kuangalia, hata kama macho yake yangefurahi zaidi bila kufuta.

Halafu kuna mkwaruzo chini ya kitasa cha mlango, kazi ya kucha na pete za miaka. Anapitisha ukucha, unakwama.

"Naweza kuutoa, bosi," anamwambia mwenye gari, "ila nitautoa pamoja na rangi."

Unabaki, ukiwa umelainishwa kingo tu, na ukisimama hatua mbili nyuma huuoni.

Kinga huja mwisho, na mji huu unaihitaji. Kunguru wa India walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wametapakaa pwani yote, na kinyesi chao kikikaukia juu ya boneti ya moto, klia iliyolainika hujikaza kukifuata inapopoa jioni. Ukikimbilia kivuli cha mwembe, utomvu unakungoja. Nta hudumu wiki au miezi. Seramiki, ambayo msingi wake ni silika, hudumu zaidi, lakini hupakwa kwa vipande vidogo na kufutwa kabla haijakauka, na kwenye joto letu dakika hizo ni chache. Matangazo huisifu kwa ugumu wa 9H. Hiyo H ni ya penseli ya kupimia rangi. Kokoto za barabara ya vumbi hazijali penseli. Wala seramiki haizuii alama nyeupe za maji ya kisima yenye chumvi yakiachwa yakauke juani. Kokoto huzuiwa na filamu ya poliyurethani, nene mara nne ya klia au zaidi, ambayo mikwaruzo yake midogo hujifuta ikipata joto. Wanaotaka rangi nyingine kabisa huvisha gari filamu ya vinili, na wapenzi wa rangi isiyong'aa wajue kwamba klia yake haipigwi polishi hata kidogo: ikisuguliwa inaota mabaka yanayong'aa.

Kabla ya kukabidhi funguo, fundi anapima tena na kuandika kwenye daftari: boneti, paa, kila mlango, kabla na baada. Boneti imeshuka mikroni 3. Mwenye gari akirudi mwakani akitaka lifanywe jipya tena, namba hizo zitafunguliwa mbele yake, na huenda akaambiwa kwamba safari hii ni kuosha na kupaka tu, mashine haitawashwa.