Ufundi wa Kuuliza

Mtaalamu wa isimujamii hutaka kusikia watu wanavyosema wasipochunguzwa, ilhali hawezi kuwasikia bila kuwachunguza. William Labov, aliyelieleza tatizo hilo kwa uwazi kuliko wenzake, alikuwa mkemia wa viwandani kabla ya kugeukia lugha, na tabia ya maabara hakuiacha. Alitaka utambulisho wa mtu upimike katika matamshi yake.

Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, alihoji wakazi 69. Wageni wa kiangazi walikuwa wakinunua ardhi, na uvuvi ulikuwa ukififia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1963 alionyesha kwamba walioshikamana na kisiwa, hasa wavuvi wa Chilmark, walitamka irabu mbili kwa namna inayoelekea matamshi ya kale, na vijana waliopanga kuhamia bara hawakufanya hivyo kwa kiwango kile. Hakuna aliyekuwa amekusudia. Ulimi uliweka mpaka ambao hati za ardhi hazikuweza kuulinda.

Uhodari wake wa kuuliza ulionekana zaidi New York, Novemba 1962. Aliingia katika maduka matatu, Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati na Klein la bei nafuu, akiulizia bidhaa aliyojua iko ghorofa ya nne. Jibu lake kwa Kiingereza, "fourth floor", lina nafasi mbili za kutamka r, sauti iliyokuwa ikipata hadhi mjini. Kisha alijifanya hakusikia, akaletewa jibu lile lile kwa uangalifu zaidi, akaondoka na kuandika pembeni. Wafanyakazi 264 walijibu bila kujua kwamba wanatafitiwa, jambo ambalo kamati za maadili za leo zisingeliachia kirahisi. Walioitamka r angalau mara moja walikuwa takriban asilimia 62 Saks, 51 Macy's na 20 Klein.

Hila hiyo ya dukani isingefaa Harlem, alikotafiti Kiingereza cha vijana weusi. Mvulana wa miaka 8, akihojiwa peke yake, alijibu kwa neno moja moja, ingawa mhoji, Clarence Robins, alikuwa mweusi aliyekulia huko huko. Safari iliyofuata Robins alileta viazi vya kukaanga na rafiki wa mtoto, akaketi sakafuni. Watoto wakaanza kunyang'anyana zamu ya kusema. Wanasaikolojia waliodai kwamba watoto hao hawana lugha walikuwa wamepima woga wao mbele ya mtu mzima. Labov aliwajibu kwa makala ya mwaka 1969.

Miaka kumi baadaye alitoa ushahidi mahakamani, katika kesi ya wanafunzi weusi wa Ann Arbor, Michigan. Jaji Charles Joiner aliiamuru wilaya ya shule iwasaidie walimu kuitambua lugha ya nyumbani ya watoto hao na kuizingatia wanapowafundisha kusoma.