Kutunga Picha: Gari la Kale, Theluji na Haki ya Mtazamaji

1.0 Utangulizi

Kitenzi cha kawaida cha Kiswahili kuhusu kazi ya kamera ni kupiga: mtu hupiga picha kama apigavyo chapa au pasi. Kitenzi hicho chatosha pale kamera inaponasa jambo ambalo lingetendeka hata bila yake. Hakitoshi kwa picha ambayo mahali, mavazi, mwanga na vyombo vyake vyote vilipangwa kwa ajili ya kamera. Picha ya namna hiyo hutungwa. Hata hivyo, kutunga kuna nyuso mbili: mtu hutunga shairi, na mtu hutunga uongo. Makala haya yanakusudia kubainisha ni lini picha ya kutungwa huwa utungo, na ni lini huwa uongo. Mfano wa kuanzia ni gari la kale lililowekwa katika theluji. Kisha hoja italetwa Bunia, mji ambao theluji haiujui.

2.0 Gari katika theluji

Mfano mashuhuri wa utunzi huu ni kazi ya Gregory Crewdson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1962. Katika mfululizo wake uitwao Beneath the Roses (2003–2008) zimo picha za majira ya baridi katika miji midogo ya jimbo la Massachusetts. Kila picha iliandaliwa kama filamu: mafundi wengi, taa kubwa na waigizaji. Magari yaliyomo si mapya, wala hayamwezeshi mtazamaji kutaja mwaka kwa urahisi.

Theluji ina kazi gani katika utunzi huo? Jibu la kwamba inapendeza halitoshi. Gari ni chombo cha safari, na maana yake hukamilishwa na njia. Theluji huifunika njia. Gari lililosimama katika weupe mtupu huacha kuwa chombo na kuwa ishara: safari iliyokatika, au mwenye gari asiyerudi. Umri wa gari huongeza uzito, kwa kuwa chombo cha kale kimeshapoteza wakati wake, na sasa kimepoteza na njia yake.

Ufundi wa picha hiyo ni mgumu kuliko unavyoonekana. Kipimo cha mwanga katika kamera huichukulia theluji kama kitu cha kijivu. Mpiga picha asipoongeza mwanga kwa hatua moja au mbili, weupe hufifia. Akiongeza mno, theluji hupoteza umbo lake na kuwa doa tupu. Tena theluji huhifadhi kila unyayo: msaidizi akipita mbele ya gari mara moja tu, mandhari imeharibika, na haitengenezeki kwa ufagio.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni mwanga. Katika picha za Crewdson mwanga mara nyingi hutoka pasipo jua, mwezi wala taa ya barabarani. Mtazamaji makini hutambua kwamba kuna mkono uliouweka. Utunzi umejitaja wenyewe, na kwa hiyo haumdanganyi mtu.

3.0 Gari katika studio ya Kiafrika

Afrika haikungoja mfano huo. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akawapanga wateja wake mbele ya vitambaa vya maua, huku akiwapa saa, redio na pikipiki za kushikilia. Gari lake mwenyewe, Peugeot 203, nalo likawa kifaa cha studio. Katika mojawapo ya picha hizo, bodi ya gari iliyong'arishwa imerudisha kivuli cha Keïta akiwa na kamera yake. Mhakiki wa haraka angeliita jambo hilo kasoro. Kwa mujibu wa hoja ya makala haya, kivuli hicho ni sahihi ya mtunzi: kinasema kwamba gari, watu na mkao wao viliwekwa pamoja na mtu fulani.

Kinshasa, Jean Depara (1928–1997) alipita njia nyingine. Yeye aliifuata starehe ya usiku katika baa na mitaa, akawapiga picha vijana walioitwa Bills, ambao walijitunga wenyewe kwa kuiga filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Hapo utunzi ulikuwa tayari umefanywa na mpigwa picha, na kamera ilikuwa shahidi wake. Mombasa nako, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni waliwasimamisha wateja mbele ya pazia lililochorwa meli, ndege na miji ya mbali. Rangi ya pazia ilionekana wazi kuwa ni rangi. Hakuna aliyedhani kwamba mteja amepanda ndege hiyo.

4.0 Barafu, theluji na vumbi

Lugha yenyewe inaonyesha umbali uliopo kati ya theluji na watu wetu. Neno barafu lina asili ya Kiajemi, na huko maana yake ni theluji. Lilipofika kwetu likawa jina la maji yaliyogandishwa. Neno theluji likaletwa na Kiarabu, na kwa wasemaji wengi limebaki neno la vitabuni. Theluji ya kweli iliyo jirani na Bunia iko kusini, juu ya Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109. Hakuna gari lifikalo huko.

Mpiga picha wa Bunia akimweka mteja kando ya gari la kale mbele ya pazia la theluji, hajatenda kosa, mradi pazia lionekane kuwa pazia. Kosa huanza pale kompyuta inapotumiwa kuficha mshono: kivuli kinarekebishwa, vumbi kwenye magurudumu linafutwa, na mtu anageuzwa kuwa msafiri wa nchi asiyoiona.

Huenda ikapingwa kwamba mteja hulipia ndoto, na mhakiki hana haki ya kumnyang'anya. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini halizingatii maisha ya picha baada ya mteja. Katika vita vya Ituri vya 1999–2003 watu wengi walikimbia makwao mikono mitupu. Familia iliyopoteza nyumba na hati, ikabakiwa na picha moja, huisoma picha hiyo kama ushahidi. Mjukuu akikuta dalili ya utunzi, atajua babu alitamani nini. Asipoikuta, atarithi mali na safari ambazo hazikuwapo, na tamaa ya kweli ya babu yake itampotea.

Tena mtunzi wa Bunia ana vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hufanya kazi ile ile ya theluji: hufunika njia, huhifadhi nyayo na alama za magurudumu, huunganisha gari na ardhi kwa rangi moja. Gari la kale lililosimama katika vumbi hilo jioni, jua likiwa chini na vivuli vikiwa virefu, laweza kusema habari za safari iliyokatika kwa lugha ambayo mtazamaji wa hapa haihitaji kutafsiriwa.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba picha ya kutungwa haihukumiwi kwa kuuliza kama gari ni la mpigwa picha, wala kama theluji ilianguka kweli. Swali ni kama picha imemwachia mtazamaji njia ya kuutambua utunzi: mwanga usio na asili, kivuli cha mpiga picha, pazia lenye mikunjo. Ushairi wa Kiswahili haufichi vina vyake, na hakuna anayeuita uongo kwa sababu hiyo. Upigaji picha wa sanaa, ukitaka kuitwa utungo, hauna budi kufuata desturi hiyo.