Istilahi za Sayansi katika Mizani ya Mtihani

Mtihani wa sayansi ukimalizika na karatasi zikakusanywa, wanafunzi hujitungia mtihani wa pili usio na msimamizi wala alama. Hulinganisha majibu. Mmoja husema A, mwenziwe husema C, na kila mmoja hutoa hoja zake. Twaamini kwamba mabishano hayo yastahili kusikilizwa na wote wanaoshughulika na istilahi, kwani mara nyingi wabishani hawahitilafiani juu ya jambo lenyewe bali juu ya neno lililolibeba.

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka huohuo, haja kubwa ilikuwa kupata maneno ya kufundishia. Baraza la Mitihani lilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, maneno hayohayo yalikuwa na kazi ya pili, nayo ni kupima. Kazi hizi mbili hazilingani. Darasani, neno lenye utata huokolewa na mwalimu: atarudia, atachora ubaoni, atatoa mfano. Katika chumba cha mtihani neno husimama peke yake. Na pale ambapo mtahiniwa hutakiwa kuchagua herufi moja tu, karatasi haimwulizi kwa nini ameichagua.

Tuchukue swali la namna hii: kizio cha uzito ni kipi? Mwanafunzi wa kwanza amejibu kilogramu, wa pili amejibu newton. Kwa fizikia, wa pili ndiye aliyepata, maana uzito ni kani ya mvutano wa dunia juu ya kitu, na kilogramu ni kizio cha tungamo. Kitu chenye tungamo la kilogramu 1 kina uzito wa newton zipatazo 9.8 hapa duniani, na mwezini uzito huo hupungua kufikia takriban sehemu moja ya sita, ilhali tungamo halibadiliki. Lakini huyo wa kwanza amelitoa wapi jibu lake? Amelitoa sokoni, dukani, na kliniki alikopimwa utotoni. Kote huko uzito huhesabiwa kwa kilogramu. Huyu hakukosa akili. Amelijua neno, wala hakuambiwa kwamba limebadilishwa kazi.

Mfano wa pili ni joto. Kipimajoto hupima nini? Jina lenyewe lajibu kwamba hupima joto, na mtoto aliyefuata jina hawezi kulaumiwa. Hata hivyo, chombo hicho hupima jotoridi, ambalo wengine huliita halijoto. Maji yanayochemka katika kikombe na yale yanayochemka katika sufuria yana jotoridi moja, lakini ya sufuria yamehitaji joto jingi zaidi hata yakafika hapo. Basi tunazo dhana mbili na maneno matatu, na jina la chombo linamwelekeza msomaji kwenye dhana isiyo yake. Aliyesoma kitabu chenye jotoridi akikuta halijoto katika mtihani, twampima sayansi au twampima bahati ya kitabu alichopewa?

Mfano wa tatu waonyesha hatari ya neno rahisi. Walimu wengi huwafundisha watoto wadogo kwamba tunavuta hewa safi na kutoa hewa chafu. Baadaye mtoto huambiwa kwamba mimea hujitengenezea chakula kwa kutumia kabonidayoksaidi. Ikiwa ndiyo ileile iliyoitwa chafu, iwaje ilishe mimea? Na akikuta swali juu ya uchafuzi wa hewa, ataichagua gesi itokayo kinywani mwake badala ya moshi wa kiwanda. Neno hili halikutaja kitu, lilikihukumu tu.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuacha Kiswahili na kufundishia sayansi kwa Kiingereza tangu mwanzo. Hatukubaliani nao. Waingereza nao hununua viazi kwa uzito unaohesabiwa kwa kilogramu, na watoto wao huchanganya joto na jotoridi kama wetu. Lugha yoyote inayoazima maneno ya kila siku kwa ajili ya sayansi hupatwa na mgongano huu. Isitoshe, Kiswahili kimeonyesha kwamba kinaweza kuazima vizuri kutoka kwake chenyewe: neno kani, ambalo watu hulitumia kwa mbishi aliyeshika kani, limetengwa vyema na nguvu, na wanafizikia wamepata neno fupi lisilo na mzigo mwingine.

Maneno mengi yamekwisha patikana. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi. Kinachopungua ni utaratibu. Twapendekeza kwanza kwamba muhtasari, kitabu na mtihani vitumie istilahi moja kwa dhana moja. Pili, istilahi inapobadilishwa, ile ya zamani iandikwe katika mabano kando ya mpya hadi wanafunzi waliofunzwa kwa ile ya kwanza wamalize shule. Tatu, neno la kila siku linapopewa maana ya kisayansi, kitabu kiseme waziwazi: sokoni lina maana hii, hapa lina maana ile. Nne, walimu waandike maneno ambayo wanafunzi huyabishania baada ya mitihani na kuyapeleka kwa wasanifishaji.

Istilahi haiwi sanifu kwa kupitishwa kikaoni tu. Husanifika pale watoto wawili, wa shule mbili na vitabu viwili, wanapoisoma wakaelewa jambo lilelile. Na hata hapo mmoja wao akikosa jibu, awe amekosa sayansi.