"Alinipiga" au "alimpiga"? Neno juu ya fonti za kubana nafasi



Miaka kadhaa nyuma ofisi moja hapa Uingereza iliniletea maelezo ya mama mmoja wa kwetu niyatafsiri. Karatasi yenyewe nakala ya nakala, herufi zimebanwa ili yote yaishie ukurasa mmoja. Nikasoma "alimpiga", nikaandika kwamba bwana yule alimpiga mtu mwingine. Tulipokaa kusomeana, mama akanitazama. "Mwanangu, si mtu mwingine. Ni mimi." Kumbe pameandikwa "alinipiga". Ile n na ile i zimegandana, nukta imeliwa na mashine, na aliyepigwa nimemgeuza shahidi. Kosa ni langu, sikatai. Lakini tangu siku ile fonti kwangu si pambo.

Sasa, wapo mafundi waliohangaika na suala hili hasa: herufi zichukue nafasi ndogo na bado zisomeke. Wengi wetu tumezisoma herufi za Mholanzi Gerard Unger (1942–2018) bila kumjua, maana Gulliver yake ya 1993 ndiyo iliyochapa majarida mengi ya kisayansi ya Elsevier, yale tunayoyasoma siku hizi kwenye skrini. USA Today nalo likaichukua mwaka 2000. Ujanja wa Unger haukuwa kuzikondesha herufi kama wafanyavyo wengine. Aliongeza kimo cha herufi ndogo, a, e, n, o, akafupisha vijiti vya juu vya b, d na h pamoja na mikia ya p na g, kisha akayaacha matumbo ya herufi wazi. Ukiipanga kwa saizi ndogo jicho linaiona kubwa, na mistari inasogeleana bila kugongana. Jina nalo limekaa pake: Gulliver yule yule ni jitu nchi hii na kibeti nchi ile.

Kazi nzuri, nampa heko. Ila hebu tuipime kwa lugha yetu. Kiingereza na Kidachi vina t, h, l na d tele, kwa hiyo neno lina mabonde na vilima vyake. Sisi tuna "mwanaume", "wamenunua", "amewaonea". Tafuta kijiti kirefu humo, hukuti hata kimoja! Ni vijiti vifupi vimesimama safu, na msomaji anategemea upana wa mapengo tu. Halafu sarufi yetu tumeipakia kwenye herufi moja moja. "Alinipa" na "alimpa" zinatofautiana kwa pengo dogo na nukta. "Hao" na "nao", "hayo" na "nayo" zinatofautiana kwa urefu wa kijiti cha h, kijiti kile kile anachokifupisha Unger ili aokoe nafasi. Kinachomgharimu Mholanzi kidogo sisi kinatugharimu zaidi.

Times New Roman, iliyosimamiwa na Stanley Morison, ikachorwa na Victor Lardent na kuanza kutumika kwenye The Times tarehe 3 Oktoba 1932, ilikusudiwa safu nyembamba za gazeti. Sisi tukaichukua kwa tasnifu zetu, nadhani kwa uvivu tu. Upande wa pili yupo Matthew Carter na Verdana yake ya 1996. Huyu alianzia kwenye nukta za skrini zenyewe, akaacha mapengo mapana makusudi ili herufi jirani zisigusane. Kwa "ni" na "m" hakuna salama kama hiyo. Lakini jamani, inakula karatasi! Ukurasa mmoja wa Times unamwagika hadi wa pili.

Mie naona tunatafuta nafasi mahali pasipo penyewe. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, a-li-ni-pi-ga, neno linakatika popote mwisho wa mstari. Ila kompyuta inakata kwa kanuni za Kiingereza, au haikati kabisa, na safu inajaa mashimo. Nafasi tuliyoibana ndani ya maneno inapotea baina yake.

Nilifanya jaribio la jikoni. Nikapiga chapa "alinipa, alimpa, hao, nao" kwa pointi 8, mara kwa Times, mara kwa Georgia ya Carter huyo huyo, nikatoa nakala ya nakala mara tatu. Times niliishia nakala ya pili; Georgia nikafika ya tatu. Kisha nikaipunguza Georgia hadi ichukue nafasi sawa na Times, na ubora wake karibu wote ukayeyuka. Mke wangu alizisoma zote bila miwani, akaniambia niende nikapimwe macho.