Vijidudu au Vijiumbe? Uhakiki wa Istilahi za Majitaka

Miongoni mwa istilahi zinazodai kupimwa upya ni zile za kusafisha majitaka kwa ardhioevu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuuchunguza utaratibu huu tangu miaka ya 1990, lakini baadhi ya maneno tunayoutangazia kwa wananchi yanapingana nao.

Kazi yenyewe ni hii. Majitaka hutuama kwanza katika karo, uchafu mzito ukabaki chini. Kisha hupita polepole katika bwawa lisilovuja, lililojazwa kokoto na kupandwa matete. Juu ya kokoto na mizizi huishi viumbe wasioonekana kwa macho, nao ndio hasa wanaokula uchafu ulioyeyuka majini.

Wafasiri aghalabu huwaita "vijidudu". Neno hili limekwisha kufungamana na ugonjwa. Shuleni na zahanati tumefundisha kwamba vijidudu huuawa. Mkazi wa Mbamba Bay au Liuli, aliyekwisha kuonywa juu ya kipindupindu, akisoma kwamba bwawa la shule limejaa vijidudu, atamwaga dawa humo. Akizidisha, wasafishaji watakufa, na uchafu utateremka katika Ziwa Nyasa, wanakoteka maji majirani zake. Kosa hilo si lake, ni la mfasiri. "Vimelea" nalo halifai, kwani kimelea huishi kwa kumnyonya mwenziwe.

Napendekeza "vijiumbe" liwe neno la jumla. Chini yake tuweke "vijiumbe maradhi" na "vijiumbe visafishaji".

"Ardhioevu bandia" pia ina kasoro. Bandia ni noti ya kughushi; ardhi hii haimdanganyi mtu. "Ardhioevu ya kujengwa" ni ndefu kidogo, lakini yasema kweli. "Chujio la matete" ni jepesi kutamkwa, ila laficha kazi ya vijiumbe: chujio huzuia uchafu, haliuli.

Mwalimu wa Mbinga hakosi mfano wa kuanzia. Wamatengo huchimba ngolo mteremkoni, mvua ikatulia shimoni na udongo usichukuliwe. Mwanafunzi ajua basi kwamba maji yakipunguzwa mwendo huacha mzigo wake. Lililo geni kwake ni kazi ya vijiumbe, na hapo ndipo neno baya humpoteza.

Istilahi haipimwi kwa ufupi wake tu, bali hata kwa tendo alifanyalo msomaji baada ya kuisoma.